Uzi: Mkono wa mpwa wangu, na tulivyompata wakili wa kesi ya hospitali

Mkomani_Juu (Lamu)

Assalaam aleikum, na habari za jioni kwa nyote. Jambo hili nimeulizwa faraghani mara nyingi, na juzi mama mmoja kutoka Faza alinisimamisha pale gatini na kuniuliza tena, chombo chake kikimngoja. Nikaona niliandike pahali pamoja kila mtu alisome. Swali ni lile lile: "Mgonjwa wangu amefanyiwa makosa hospitali, nimpate wapi wakili?"

Nitaanza na mtoto, kwa sababu bila yeye haya mengine hayana maana kwangu.

Mpwa wangu alikuwa na miaka minane. Ijumaa moja baada ya alasiri alianguka kutoka juu ya punda akatanguliza mkono. Eksirei ilionyesha mfupa umevunjika juu ya kiwiko. Akafungwa plasta kutoka karibu na kwapa hadi kwenye vifundo vya vidole, imezunguka mkono mzima, haina mwanya. Akalazwa.

Dada yangu ndiye aliyelala naye. Mtoto alianza kulia kiasi cha saa nne usiku, kilio kisichotulizwa na dawa. Ukimnyoosha kidole kimoja tu, anaruka. Alfajiri ya Jumamosi vidole vilikuwa vimevimba vinang'aa kama biringani. Nesi wa zamu akaitwa, akasema mkono uliovunjika huvimba, muinulieni juu ya mto. Mchana kutwa hakupita daktari. Usiku wa pili mtoto akanyamaza. Dada akashukuru, akidhani maumivu yamepungua, kumbe vidole vimekufa ganzi. Saa 4:12 usiku akapiga picha ya vile vidole akanitumia kwa WhatsApp, na chini yake akaandika: "Vya baridi kama samaki." Picha hiyo nitairudia.

Jumapili asubuhi daktari alikuja, akatazama, akaikata plasta pale pale kitandani. Kisha mashua, gari la wagonjwa, Mombasa. Walipoufungua mkono wakakuta nyama nyingi ya kigasha imeshakufa. Leo mkono ule umekunjamana, vidole vimegeukia kiganjani, havifunguki. Ni mkono wa kulia. Chuoni anajifunza kuandika kwa kushoto, na mwalimu wake, Mungu amlipe, humpa muda wake bila kumuonyesha wenzake kwamba anachelewa.

Hospitali siitaji, wala wafanyakazi wake. Ilikuwa ya umma, na kesi iko mahakamani.

Sasa wakili. Wa kwanza tulimpata kwa makosa. Tukiwa bado Mombasa, alitujia mtu pale nje tukinunua chai, mpole, anajua kila kitu, akatupa kadi. Akasema wakili wake hataki hata shilingi, atachukua theluthi tukishinda. Sisi tulikuwa tumechoka na tumechanganyikiwa, tukaona ni rehema. Wiki mbili baadaye wakili akataka shilingi 60,000 "za kufungua faili". Tukatuma kwa simu, risiti hatukupewa. Miezi mitano ikapita. Kila nikipiga simu naambiwa "tunalishughulikia". Nilipofunga safari kumuona nikakuta kazi yake ni ajali za barabarani, na karatasi zetu zilikuwa kwenye bahasha ile ile niliyompa, hata gundi hajaibandua.

Wa pili tulimpata Malindi kwa kuuliza kwa utulivu. Nilikwenda mahakamani Malindi, nikakaa uani, nikawauliza watu watatu tofauti wanaofanya kazi pale: ni nani humu mliyemwona akimhoji daktari kizimbani? Sikuuliza ni nani wakili mzuri, maana hapo kila mtu atakutajia binamu yake. Majina mawili yalirudiwa. Mmoja alikuwa mama wa makamo. Nilipoingia ofisini kwake nikaanza kumuhadithia, akanisikiliza kidogo, kisha akaniuliza: "Faili mnayo?" Nikasema hatuna. Akasema: "Basi sina la kukwambia yeo. Leta faili, nilisome, halafu nitakwambia kama kuna kesi, na kama ipo nitakwambia bei." Aliniandikia mwenyewe ile barua ya kuomba nakala, dada akatia sahihi kama mzazi, na akachukua 5,000 za ushauri, akanipa risiti.

Nimekaa nikilifikiria sana hilo. Wa kwanza alitaja pesa kabla ya kuona karatasi yoyote. Wa pili alikataa hata kutoa maoni bila karatasi. Kama ningelijua kutazama hilo moja tu, tungeliokoa miezi mitano.

Na miezi mitano ni mingi kuliko mnavyodhani. Hili niliandike kwa nguvu: kesi ya uzembe dhidi ya hospitali ya serikali haina miaka mitatu. Ile miaka mitatu mnayoisikia ni ya kesi za kawaida, kama dhidi ya hospitali binafsi. Kwa serikali kuna sheria nyingine, Sura ya 39 ya sheria za Kenya, inayotoa miezi kumi na miwili. Mwaka mmoja! Nasi tulikuwa tumeshalala nusu yake. Hati ya madai yetu iliingia mahakamani siku tisa kabla ya mwaka kutimia.

Faili lilikuwa na kisa chake. Mara ya kwanza tuliambiwa "faili ni mali ya hospitali". Wakili akatueleza kwamba makaratasi ni ya hospitali, kweli, lakini habari zilizomo ni za mgonjwa. Katiba, ibara ya 35, inampa raia haki ya kupata habari, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu. Barua ya pili ilitaja hayo, ikapigwa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yetu, na siku ya kumi na nane nakala zikatoka.

Tukazisoma mezani kwake, sisi watatu. Kulikuwa na chati ya uangalizi. Kila baada ya saa nne imeandikwa: vidole vizuri, vya joto, vinacheza. Ijumaa usiku, Jumamosi asubuhi, mchana, jioni, usiku. Mwandiko mmoja, kalamu moja, wino mmoja, zamu tatu tofauti. Na kwenye mstari wa Jumamosi saa nne usiku pameandikwa "vya joto". Dada yangu hakusema kitu. Alitoa simu yake akaiweka juu ya karatasi, pale kando ya mstari ule, na picha ya saa 4:12.

Wakili akanyamaza, kisha akatwambia: "Simu hii msiiuze, msiibadilishe, msifute kitu ndani yake."

Baadaye akatafuta daktari wa mifupa asiye na uhusiano na hospitali ile, akampima mtoto, akasoma faili, akaandika ripoti. Alitueleza kwamba mkono wa namna hii ulielezwa na daktari Mjerumani, Richard von Volkmann, mwaka 1881. Mtoto aliyevunjika juu ya kiwiko, plasta iliyobana, maumivu yanayozidi kipimo, vidole visivyokubali kunyooshwa: hizo ni dalili ambazo kila anayefunga plasta hufundishwa. Damu ikizuiwa, nyama huanza kufa kwa muda wa saa chache tu. Dawa ya kwanza ni kuipasua plasta.

Nitarudi kujibu maswali. Insha'Allah nitawajibu wote.

Kijana_Watamu

Pole sana kaka. Nimeisoma mara mbili. Swali langu: binamu yangu yuko Marekani, kule wakili wa kesi hizi hulipwa asilimia akishinda, usiposhinda hudaiwi ada yake. Kwa nini hapa isiwe hivyo? Sisi wavuvi tutatoa wapi laki za kuanzia?

Wakili_wa_Pwani

Naomba niingie. Mimi ni wakili, sifanyi kesi za namna hii na sitafuti wateja humu.

Kijana wa Watamu, Marekani ruhusa hiyo ipo. Kenya haipo. Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, kifungu cha 46, inasema makubaliano ya wakili kulipwa iwapo tu atashinda, au kulipwa viwango tofauti kwa kushinda na kushindwa, ni batili. Kwa hiyo anayekuahidi theluthi anakuahidi kitu ambacho sheria haikitambui, na mkigombana baadaye wewe ndiye utakayekuwa huna pa kushika. Kinachoruhusiwa ni makubaliano ya ada kwa maandishi, yenye sahihi yako. Hayo yaombe siku ya kwanza. Uliza yana nini ndani: je, ripoti ya daktari imo au ni pembeni? Nauli za mahakamani? Rufaa? Wakili mwenye nia njema atakubali pia ulipe kwa awamu.

Na yule mtu wa kadi nje ya hospitali, kutafutia wakili wateja kwa njia hiyo sheria inakataza. Wakili anayeanza kazi yako kwa kuvunja sheria ya kazi yake, usimkabidhi mtoto wako.

Kabla ya kutoa hata shilingi, tafuta jina lake kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili, LSK. Utaona kama ana cheti cha mwaka huu. Vyeti huisha kila tarehe 31 Desemba, na kuna watu wenye ofisi na suti ambao cheti chao kiliisha zamani. Hati aliyoitia sahihi mtu asiye na cheti inaweza kukuletea ubishi mkubwa mahakamani, na wewe saa zako zinakwenda.

Kuhusu ile miezi kumi na miwili: mawakili hubishana kama Sura ya 39 inazigusa serikali za kaunti sawasawa na serikali kuu. Usikubali ubishi huo ufanyiwe juu ya kesi yako. Hesabu mwaka mmoja, na ujipe miezi sita. Wala usitegemee kwamba mgonjwa ni mtoto basi muda umesimama. Kwa mtoto anayeishi na wazazi wake, dhidi ya serikali, usiliegemee kabisa jambo hilo.

Mkomani_Juu (Lamu)

Shukrani, ndugu wakili. Kwa kuongeza: sisi tulilipa 80,000 kwa awamu nne, na ripoti ya daktari 40,000 pembeni. Kila malipo yana risiti. Dada aliuza mkufu, mimi nilitoa fungu langu la mchezo, na jamaa wa Mombasa wakachanga. Nawaambia ili mtu ajue anaingia wapi. Kwa asiyejiweza kabisa, Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, na FIDA, chama cha mawakili wanawake, wana ofisi Mombasa, na kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016. Tulipokuwa hatuna kitu, dada alikwenda FIDA akasikilizwa vizuri.

Mzee_wa_Langoni

Mwanangu, nimeisoma habari ya mtoto na machozi yamenitoka. Lakini nikuulize kama baba yako. Haya si kadari ya Mungu? Sisi tulilelewa kwamba lililoandikwa limeandikwa. Kwenda kuwashtaki watu waliokuwa wakimtibu, hamuoni mnaifunga milango? Kesho mtoto wa mwingine ataugua, na daktari ataogopa kumgusa.

Mkomani_Juu (Lamu)

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ndilo lililotuweka kimya kwa muda nyumbani, na mama yetu aliliuliza kwa maneno hayo hayo.

Kuanguka punda tulikubali siku ile ile. Mfupa kuvunjika tulikubali. Hakuna aliyemlaumu mwenye punda. Lakini mzee, plasta ilikatwa kwa dakika chache Jumapili asubuhi. Ingekatwa Jumamosi alfajiri kwa dakika hizo hizo. Katikati pale mama alikuwa akiita watu, na kuna karatasi inayosema vidole ni vya joto. Ile karatasi haikuandikwa na kadari. Iliandikwa na mtu ambaye hakunyanyuka kwenda kugusa vidole.

Na dada yangu alisema neno ambalo mama alilikubali: mtoto atakuja kumuuliza akiwa mkubwa, "Mama, ulifanya nini?" Anataka awe na jibu.

Nesi_wa_Gede

Mimi ni nesi, miaka kumi na minne kazini, sikufanya kazi hospitali hiyo. Kaka wa Mkomani, samahani kwa niaba ya kazi yangu. Nimeisoma ile habari ya kalamu moja na nimeinama.

Mzee wa Langoni naye ana la haki. Nimewahi kukesha peke yangu na wodi nzima, vitanda vimejaa na wengine chini, na mama mmoja anatokwa damu chumba cha pili. Usiku kama huo huwezi kugusa kila kidole kila saa nne. Lakini usipogusa, usiandike umegusa. Acha mstari wazi, au andika kwamba uko peke yako na umemuarifu msimamizi. Mstari ulio wazi ungewaokoa hata wale manesi, kwa sababu ungeonyesha upungufu ni wa mwajiri. Ukijaza uongo, lawama inakuangukia wewe.

Sasa kitu ambacho familia hazikijui. Mnapoomba faili, mnaletewa faili la mgonjwa tu. Kila wodi ina kitabu cha ripoti, ambacho zamu moja huiandikia zamu inayofuata. Hakimo kwenye faili la mtu. Mara nyingi mle ndimo ukweli ulimo: "kitanda cha tisa analia usiku kucha, daktari amepigiwa, hakufika." Wakili akiomba, atake na hicho, na orodha ya zamu, na barua ya kumhamishia mgonjwa hospitali nyingine. Kwa mama mzazi, atake patografu, ile chati ya mwendo wa uchungu, na kile kitabu cha kliniki.

Halafu malalamiko. Watu hupeleka kila kitu KMPDC. KMPDC ni baraza la madaktari na madaktari wa meno, na huchunguza pia hospitali zenyewe. Nesi ana baraza lake, na maafisa wa kliniki wana lao. Ukimpeleka mtu kwenye baraza lisilo lake utazungushwa.

Mkomani_Juu (Lamu)

Dada, kitabu cha ripoti! Hatukukijua. Nimempigia wakili sasa hivi, amesema anaandika barua kesho asubuhi. Mungu akuzidishie.

Binti_Maweni (Malindi)

Naomba msaada jamani. Mamangu alifanyiwa upasuaji kwenye kliniki ya mtu binafsi hapa Malindi. Aliingia akitembea. Aliaga siku ya pili. Ni miaka miwili na miezi miwili sasa. Tulimzika siku ile ile kabla ya magharibi, kama ilivyo kwetu, hakukuwa na uchunguzi wa maiti. Ami zangu walikataa kabisa apasuliwe mara ya pili. Baada ya arubaini yule mwenye kliniki alikuja nyumbani na wazee wawili, akatoa 50,000 kwenye bahasha, na karatasi ya kutiwa sahihi. Kaka yangu mkubwa alikataa. Nimechelewa? Na ami anasema jambo hili lipelekwe kwa kadhi, kwa sababu sote ni Waislamu na yule mwenye kliniki ni Mwislamu.

Wakili_wa_Pwani

Binti, pole, Mungu amrehemu mama. Hujachelewa, lakini usimalize mwezi huu hujamuona wakili. Hospitali binafsi, kifo, jamaa waliokuwa wakimtegemea: ni miaka mitatu tangu siku ya kufa. Umebakiwa na miezi kumi, na kuna kazi ndani yake.

Kazi ya kwanza: marehemu hawezi kushtaki, na wewe huwezi kushtaki kwa ajili ya mali yake mpaka mahakama ikupe hati ya usimamizi. Kuna hati finyu inayotolewa kwa ajili ya kesi tu, haigusi urithi, nayo ndiyo wakili atakayoiomba. Waambie ndugu zako mapema kwamba si ya kugawa mali, kwa maana familia nyingi hugombana hapo bila sababu.

Kadhi: Katiba, ibara ya 170, imempa kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi baina ya Waislamu wanaokubali kwenda kwake. Uzembe wa daktari haumo. Kupatanishwa na wazee si kosa, Katiba yenyewe inahimiza usuluhishi, lakini usuluhishi wa haki hufanywa mkijua nini kilitokea. Ile karatasi kaka yako aliyoikataa, amewaokoeni. Karatasi za namna hiyo mara nyingi husema mmepokea malipo kamili na hamtadai tena.

Kukosa uchunguzi wa maiti kunaleta ugumu, sitakuficha. Hakumalizi kesi. Kuna karatasi ya mtaalamu wa nusukaputi inayoonyesha presha na oksijeni dakika kwa dakika, kuna chati ya dawa, kuna sababu ya kifo aliyoiandika daktari mwenyewe. Daktari mwingine atasoma hizo na kusema kama zinaingiana. Mahakama zetu zinafuata kipimo kilichotoka kwenye kesi ya Bolam ya Uingereza, 1957: je, daktari wa kazi ile ile, mwenye ujuzi wa kawaida, angefanya hivi? Swali hilo hakimu hawezi kulijibu kwa huruma, na wewe huwezi kulijibu kwa machozi. Linajibiwa na daktari mwingine. Ndiyo maana wakili asiyekwambia daktari shahidi atatoka wapi, hata akiwa msemaji namna gani, mpite.

Msafiri_Mambrui

Je, ukipeleka KMPDC huwezi tena kwenda mahakamani? Na fidia wanatoa wao?

Wakili_wa_Pwani

Unaweza kwenda kote kuwili. Baraza kazi yake ni nidhamu: kuonya, kusimamisha, kufuta jina kwenye daftari la madaktari. Fidia kaitafute mahakamani. Uamuzi wa baraza haumfungi hakimu, lakini una uzito wake. Ubaya wake ni kwamba baraza linaweza kuchukua muda mrefu na saa ya mahakama haisimami kulingoja. Nimeona watu wakisubiri barua ya Nairobi mpaka mwaka ukapita.

Nisisahau njia ya tatu. Mama mmoja wa Bungoma alidhalilishwa na kupigwa akijifungua mwaka 2013, hakwenda mahakamani na madai ya uzembe, alikwenda na ombi la kikatiba, haki ya afya na heshima ya utu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ikamtunuku shilingi milioni 2.5. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ilikuwa imeshasema kumzuia mgonjwa hospitalini kwa sababu ya deni ni kinyume cha Katiba. Kwa hiyo mwulize wakili: hili letu ni uzembe, ni haki za kikatiba, au yote mawili?

Na kwa watu wa Lamu wanaoogopa safari: tangu Machi 2024 mahakama zote zinapokea hati kwa mtandao, na vikao vingi vya kutajwa kesi, vile vifupi vya kupanga tarehe na hatua, hufanyika kwa video. Wakili wa Malindi au Mombasa anaweza kufanya kazi yako bila wewe kupanda basi kila mwezi. Siku ya kutoa ushahidi nenda mwenyewe.

Mkomani_Juu (Lamu)

Ni kweli, sisi kutajwa kwa kesi tunakutazamia nyumbani kwa simu, mtandao ukikubali. Mara moja ulikatika tukaingiwa na hofu, wakili akatutumia ujumbe wa tarehe mpya baada ya dakika kumi. Hilo nalo ni la kutazama: wakili wetu hujibu. Siku ile ile au kesho yake, hata kama ni neno moja. Yule wa kwanza tulimlalamikia kwenye Tume ya Malalamiko ya Mawakili, na zile 60,000 zimerudi 45,000 mpaka sasa.

Neno moja kuhusu pesa za mtoto. Nilidhani tukishinda dada atapewa hundi. La. Mtoto anashtaki kupitia mzazi wake, hata kupatana nje ya mahakama kwahitaji idhini ya hakimu, na hakimu aweza kuagiza pesa ziwekwe benki kwa jina la mtoto mpaka afike miaka kumi na minane. Dada aliposikia hivyo alifurahi. Alisema sasa hakuna jamaa atakayekuja kukopa.

Mzee_wa_Langoni

Mwanangu, nimerudi kusoma. Nilikuuliza na umenijibu kwa adabu. Mjukuu wangu anajifunza kuandika kwa kushoto chuo gani? Nina ubao mdogo wa mninga niliouchonga mwenyewe, nataka nimpelekee.

Mkomani_Juu (Lamu)

Mzee wangu, nitakuja kukuchukua mwenyewe Alhamisi baada ya asri, twende pamoja.

Binti_Maweni (Malindi)

Nimepata majina mawili mahakamani kwa kuuliza vile ulivyouliza. Mmoja nimeangalia LSK, cheti chake ni cha mwaka huu. Miadi ni Jumatatu saa tatu asubuhi. Ami amekubali kuja. Nibebe nini?

Nesi_wa_Gede

Risiti zote za kliniki, hata ya glavu. Dawa zilizobaki na maboksi yake, usitupe. Kibali cha mazishi. Simu yenye ujumbe wa siku zile. Na kaa leo usiku na aliyelala na mama, mwandike saa kwa saa: nani aliingia, alisema nini, mama alilalamika wapi. Andikeni kabla ya kuonana na wakili, na msikubaliane kwanza. Kila mtu aandike anachokikumbuka yeye.

Binti_Maweni (Malindi)

Aliyelala naye ni mimi. Nitaanza sasa.